Safu ya Katikati

Nimerudi kutoka zamu ya usiku, viatu vingali mguuni,
na shangazi Ruthadel kashika jembe nyuma ya banda la tumbaku.
"Nge," anasema. Kwake yeye, na kwa mama yake kabla yake,
kila mjusi anayeng'aa ni nge, kila nge ana sumu,
na sumu haipigi hodi.

Jarvin, miaka tisa, keshamtia ndani ya chupa ya achari,
kifuniko kimetobolewa kwa msumari.
"Si nge. Ni guruguru. Ila sijui ni yupi."

Yupi. Neno hilo limenifuata tangu wodini.
Kitanda cha sita amelala mzee aliyeokotwa kando ya barabara ya Lumberton,
hana pochi, hana simu,
na kwenye utepe wa mkono wake tumeandika: Mwanamume, hajulikani.
Usiku kucha nimepima joto la mtu asiye na jina.

Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Mweusi. Mistari mitano ya rangi ya siagi toka kichwani hadi kiunoni,
na mkia, sijui nikuambieje mkia ule:
buluu ya jiko la gesi linapowaka vizuri.

Kitabu cha maktaba kinasema kwetu wako watatu,
wanafanana kuliko wale mapacha wa Oxendine
waliokuwa wakifanyiana mitihani.
Rangi isikudanganye. Ukubwani buluu huisha,
mistari hufifia, dume huota kichwa chekundu cha tofali.
Hesabu mdomo, kinasema.
Magamba ya mdomo wa juu, kabla hujafika jichoni.

Jarvin akaleta kioo cha babu, kile cha kutolea kupe.
Nikahesabu kupitia chupa. Manne. Mjusi akapumua,
chupa ikaingia ukungu, nikangoja, nikahesabu tena.
Manne.
"Basi yule wa kichwa kipana siye,"
akakata jina moja daftarini, kwa rula.

Wamebaki wawili. Na hao hutenganishwa na kitu kimoja tu,
nacho kimefichwa chini ya mkia:
safu ya magamba ya katikati, ni pana kuliko jirani zake,
au zote zimelingana?

Maana yake, kumshika.

Nilimshika kama ninavyomshika mtoto njiti, au ndivyo nilivyodhani.
Laini, mbegu ya tikiti iliyolowa,
na nguvu zote zile ndani ya kitu chembamba cha kalamu.
Shangazi akasema, "Yesu wangu." Jembe likaanguka.
Guruguru hayupo.

Alipita chini ya mbao bila kuaga, mfupi.
Mkononi mwangu mkia ulicheza peke yake,
ukajikunja, ukajinyoosha,
mjumbe mwenye habari ya dharura na hana mdomo.
Jarvin alilia. Kisha akaacha, akainama,
akasema polepole: "Mama. Ugeuze."

Nikaugeuza. Ukatulia, ukaruka, ukatulia.
Chini yake weupe wa maziwa yaliyotiwa maji,
na safu zote, kushoto, kati, kulia, sawasawa,
hakuna iliyompita mwenzake upana.
Alikimbiza roho, akatuachia kitambulisho.

Jarvin aliandika: guruguru wa kusini-mashariki,
tarehe, saa mbili na robo asubuhi, chini ya mbao za msonobari.
Akauliza, mkia utakaoota, utakuwa na safu hizi?
Kitabu kinasema hapana. Huota wa kijivu, na hausomeki.
Atakayemkamata mwakani hatakuwa na pa kuanzia.

Shangazi akaokota jembe. "Bado ni nge," akasema,
lakini alilirudisha bandani.

Sijalala. Saa kumi na mbili jioni nitavaa viatu tena.
Nitaanza na kitanda cha sita.
Tulimsoma uso, tulimsoma mifuko.
Hakuna aliyemgeuza kiganja
kwenye mwanga.